Mawe Matano Hadi Moshi: Shajara ya Fundi Mizani

Alhamisi, Dar es Salaam

Leo nimebishana na mhasibu wetu karibu saa nzima. Ratiba niliyompelekea ina siku saba, na yeye akiihesabu kazi anaiona ya siku sita. "Dada, hii Ijumaa umeandika 'akiba'. Ndiyo nini?" Nikamwambia ni siku isiyo na miadi. Akanijibu kwamba posho ya kujikimu hailipwi kwa siku isiyo na miadi.

Namwelewa, hela si zake na mkaguzi akija ataulizwa yeye. Lakini mimi nimezunguka na mizani mikoani miaka kumi na minne, na sijawahi kurudi na ratiba ile ile niliyoondoka nayo. Umeme utakatika, au mwenye ufunguo wa ghala atakuwa amempeleka mtoto kliniki, au mvua itaikata barabara. Ukizibana siku zote, siku moja ikiharibika inaziburuta zote zilizobaki, na mwisho unarudi na kazi nusu halafu unaomba nauli upya. Nilimwonyesha hesabu: siku moja ya akiba ni posho ya watu wawili. Safari ya pili ni nauli mara mbili, kusafirisha mawe ya kupimia mizani mara mbili, na mwezi umekwisha. Mkurugenzi amesaini siku saba, kwa sharti kwamba nisipoitumia Ijumaa nirudishe masurufu yake. Sawa.

Kazi yenyewe ni vyama vya msingi vitatu vya wakulima wa kahawa, Uru, Kibosho na Kirua Vunjo, kisha kiwanda kimoja cha kusaga nafaka Arusha. Mizani tisa kwa jumla. Huu ni Juni. Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuvunwa sehemu za chini kwenye Julai, na mizani ikitengenezwa msimu umeshaanza, kuna watu watakuwa wameshapimiwa vibaya.

Jambo ambalo vijana wapya wa karakana hulisahau: fundi hamalizi kazi hii peke yake. Mizani ya biashara ikishafunguliwa na lakiri yake, ule muhuri unaoifunga, ikakatwa, hairuhusiwi kupimia mali ya mtu mpaka afisa wa Wakala wa Vipimo aihakiki na kuipiga chapa upya. Kwa hiyo simu ya kwanza nimempigia afisa wa Moshi, ya pili nimewapigia makarani wa vyama, na tiketi nimekata mwisho. Nimeona wengi wakianza na tiketi. Wanafika, wanatengeneza, halafu wanakaa gesti siku tatu wakimsubiri afisa ambaye yuko Rombo.

Ijumaa, karakana, Gerezani

Siku ya mawe. Tunayo matano ya kilo 20, ya chuma cha kusubu, daraja la M1, yaani jiwe la kilo 20 haliruhusiwi kuzidi wala kupungua zaidi ya gramu moja. Gramu moja ni rangi iliyobanduka mahali pawili, au kutu, au kona iliyomegeka kwa sababu mpakizi alitupa sanduku. Kila jiwe lina namba na sanduku lake la mbao lenye blanketi ndani. Kijana nitakayesafiri naye leo nimemfanya ayafute yote kwa kitambaa kikavu, ayatie namba kwenye daftari, apige nakala mbili za cheti cha mawe hayo.

Akaniuliza swali zuri. "Mama, kwa nini wasitume mizani huku tukazipima hapa hapa, tukawarudishia?" Kwanza ni ule mtikisiko wa njiani. Pili, mizani ya kielektroniki haihesabu mawe, inahisi jinsi ardhi inavyouvuta mzigo. Ukipanda juu mvuto unapungua kidogo sana. Mizani iliyosawazishwa hapa pwani, ukiipeleka kijiji cha mita 1,500, itapunguza gramu 30 au 40 hivi kwa kila kilo 100. Ni kidogo, kwa mizani hizi za ghala pengine hata haitaonekana. Lakini kosa dogo huongezeka juu ya kosa jingine. Mizani inasawazishwa pale inapofanyia kazi.

Vingine tulivyofunga: pimamaji, brashi laini, betri za akiba, chaja mbili, waya, vifaa vya kulehemu, leseni yangu ya ufundi, bahasha ya kaki ya risiti. Na khanga pea moja. Hiyo khanga nimeibeba safari zote tangu nilipoanza kazi, kijana hajaniuliza ni ya nini.

Jumapili, njiani

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Basi linaondoka saa kumi na mbili lakini masanduku matano ya kilo ishirini na kitu huwezi kuyaleta dakika ya mwisho. Nililipia kama mzigo, nikadai risiti, kisha nikainama mwenyewe kwenye buti kuhakikisha yamelala chini kabisa na hakuna kitu cha kuyagonga. Makondakta hawapendi, lakini ukiwaeleza kwa upole wanakuelewa.

Chalinze, Segera, mkonge wa Korogwe, chakula. Baada ya Mombo kijana alikuwa hajawahi kufika, akakaa dirisha la kulia akitazama milima mpaka Same. Moshi tumeingia jioni. Mlima hauonekani, Juni mawingu yanaweza kuufunika siku nzima. Gesti niliyoweka nafasi iko karibu na stendi, na kwenye simu nilisisitiza kitu kimoja: chumba cha chini. Sitapandisha kilo mia ngazini.

Jumatatu, Moshi mjini na Uru

Saa mbili kamili ofisi ya Vipimo. Tumekubaliana na afisa: Uru leo alasiri, Kibosho kesho, Kirua Jumatano. Alhamisi yeye anakwenda Rombo. Ijumaa? Akasema Ijumaa asubuhi yuko ofisini na karatasi zake. Nikaiandika hiyo kwenye daftari nikaizungushia.

Tumekodi kirikuu, gari dogo la mizigo, kwa siku tatu. Dereva ni mzaliwa wa Kibosho, anazijua njia zote za juu. Tulipopita jengo la KNCU kijana akauliza ni nini. Huu ni muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa mlima huu. Wachaga walianza na chama chao cha wakulima mwaka 1925, na 1933 ikazaliwa KNCU. Wakati ule walikuwa na sababu zile zile za leo. Mkulima mmoja mwenye miti mia mbili ya mibuni mbele ya mnunuzi hana sauti. Wakulima wakileta kahawa yao ghala moja wanakuwa nayo. Na katika ghala hilo, kitu cha kwanza mkulima anachokutana nacho ni mizani.

Uru mizani tatu, zote nzima, zinahitaji usafi na kusawazishwa tu. Afisa akahakiki, akabandika stika, tukashuka kabla ya giza.

Jumanne, Kibosho

Leo nataka kuiandika vizuri.

Ghala liko katikati ya migomba, baridi kali, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Karani ni mzee wa miaka sabini hivi. Tukamwamkia, akaitika, akanipa chai kabla ya kitu chochote. Mizani ni mbili. Ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili ni ile kubwa ya kuweka gunia, kilo 150, hatua za gramu 50. Katikati ya sahani yake pana duara jekundu, kubwa kama sinia, limechorwa kwa mkono.

"Hii ni rangi gani, baba?"

"Rangi ya kucha. Ya mjukuu wangu."

Nikaweka jiwe namba moja ndani ya duara: 20.00. Nikalisogeza kona ya mbele kulia: 20.00. Mbele kushoto: 20.00. Nyuma kulia: 19.95. Nyuma kushoto: 19.70.

Gramu mia tatu zimepotea kwenye kona moja. Mzee alikuwa anatazama uso wangu, hatazami namba. Akasema aliligundua msimu uliopita katikati. Mama mmoja alileta kahawa yake, ikapimwa mara mbili kwa sababu gunia lilianguka, na namba mbili zikatofautiana. Fundi walimwita, hakuja. Yeye hana mamlaka ya kufungua mizani. Basi akajaribu gunia moja kila mahali juu ya sahani mpaka akajua wapi panasema kweli, akaazima rangi ya kucha nyumbani, akachora. Tangu siku hiyo hakupima gunia lililotoka nje ya duara, hata foleni ikiwa ndefu na watu wakinung'unika.

Niliweka kikombe chini. Katika kazi hii tunazoea kusikia habari za makarani wanaoiba kwa mizani, na wapo. Huyu alikuwa na kona inayoiba kimya kimya kwa ajili yake, na akaiwekea uzio.

Nilimfanyia kijana hesabu pale pale, kwa sababu gramu 300 ukizitamka hazina uzito. Kahawa inayofika ghalani ni ya maganda, yaani imeshamenywa ganda la nje ikabaki na lile jembamba la ndani, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Kupata kilo moja yake unahitaji kama kilo tano za kahawa mbivu. Kwa hiyo gramu 300 ni kilo moja na nusu ya kahawa mbivu, iliyochumwa punje moja moja kwa mkono, kwa maana nyekundu zinachumwa na za kijani zinaachwa kwenye tawi moja.

Tukakata lakiri, tukainua sahani. Chini yake maganda yaliyoshindiliwa kwa miaka, na kwenye kona ya nyuma kushoto nyigu wamejenga nyumba ya udongo, imekauka ngumu kama saruji, kati ya fremu na boliti ya kuzuia. Sahani ikibonyea upande ule inaegemea udongo, na sehemu ya mzigo inabebwa na nyigu badala ya kile kipande cha chuma kinachohisi uzito. Ndiyo yote. Brashi, bisibisi, uvumilivu. Tukaweka pimamaji, tukasawazisha miguu, tukawasha tena na kuacha ipate joto. Kona nne: 20.00, 20.00, 20.00, 20.00. Mawe yote matano pamoja: 100.00. Yakaondolewa: sifuri. Tukarudia mara tatu.

Afisa alifika saa saba, akarudia yote kwa utaratibu wake, akafunga lakiri mpya na stika ya mwaka.

Nilimpa karani tina ya kuondolea rangi na kitambaa afute duara. Akafuta robo tatu, akaacha. Akasema kipande kilichobaki atakifuta siku ya kwanza ya msimu, mbele ya wakulima.

Jumatano, Kirua Vunjo

Ujumbe wa karani uliingia jana saa nne usiku nikiwa nimelala. Nimeusoma saa kumi na mbili asubuhi, mawe yameshapakiwa: mwenyekiti wa zamani wa chama amefariki, mazishi ni leo, ghala halifunguliwi. Nikampigia afisa haraka asipande bure.

Dereva akaniuliza tufanye nini. Kijana akadhani tutapumzika. Nikawaambia tunapanda.

Sikwenda kufanya kazi. Siku ya mazishi kijijini kila mtu yupo msibani, na mgeni aliyekuwa na miadi na kijiji hicho siku hiyo naye ana pa kuwapo. Niliacha gari mbali, nikajifunga ile khanga moja kiunoni, nyingine nikajitanda. Kijana akaiangalia khanga, akaniangalia, akaenda mwenyewe kuungana na vijana waliokuwa wanapanga viti. Karani alipotuona alinishika mkono muda mrefu.

Walimzika nyumbani, ndani ya kihamba chake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Wasifu ulisomwa, na ndani yake palitajwa ghala, miaka aliyoligombania hadi likaezekwa. Nimetoa rambirambi kutoka mfukoni mwangu. Kwenye fomu ya masurufu hakuna mstari wake na sitaki uwepo.

Tukishuka, kirikuu iliteleza kwenye tope karibu na mfereji, tairi la nyuma likaingia shimoni na masanduku yakarukaruka. Hatukuumia. Sanduku la jiwe namba tatu lilipasuka ubavu. Jiwe kwa macho lilikuwa na mkwaruzo tu, ila halijaanguka kiasi kile tangu lilipokuja karakana, na sikulala vizuri.

Alhamisi, Arusha

Kilomita kama 80 tu, lakini tulitoka alfajiri, Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru. Arusha ni baridi ya kweli, wapiga debe wamevaa makoti mazito. Kiwanda kiko Unga Limited.

Mkuu wa ghala alikuwa tayari, karatasi zote mezani, na wana mizani ndogo nzuri ya kilo 30 inayosoma gramu moja moja. Nikamwomba ruhusa kabla ya kazi yake nipime mawe yangu. Namba moja, mbili, nne na tano zikasoma sawa sawa. Namba tatu ikasoma pungufu gramu mbili. Nikarudia, nikaligeuza, nikarudia. Gramu mbili.

Nikalitoa. Kijana alisema, "Mama, gramu mbili kwa kilo ishirini nani ataziona?" Nikamkumbusha Kibosho. Akalibeba mwenyewe akaliweka kando, akaandika kwenye daftari.

Mizani ya hapa ni ya kilo 500, na sisi tumebaki na kilo 80. Inawezekana, ila ni polepole: unaweka mawe, unaandika namba, unayaondoa na kuweka magunia ya mahindi mpaka isome namba ile ile, kisha unarudisha mawe juu ya magunia, na kadhalika, ngazi kwa ngazi hadi juu. Vibarua wanne walitusaidia kubeba. Ilituchukua hadi saa kumi badala ya saa saba. Afisa wa Arusha alikuja kumalizia.

Jioni tulirudi Moshi, kimya.

Ijumaa, Kirua tena

Hii ndiyo ile "akiba".

Afisa wa Moshi alitupitia gesti saa mbili, tukapanda wote. Nilidhani tutapata karani na ufunguo tu. Tulikuta watu kama ishirini, wengine bado na nguo za msiba, wamekaa kwenye kibaraza cha ghala wakitusubiri. Mzee mmoja aliniambia kwamba marehemu alikuwa akikumbuka kahawa ilipopimwa kwa ratili, na kwamba kila mwaka kabla ya msimu alikuja kusimama mwenyewe juu ya mizani, kwa sababu uzito wake aliujua.

Mizani mbili zilikwisha mapema. Ya tatu haikuwaka kabisa: panya wamekula waya hadi kwenye shaba. Tukabadilisha, tukalehemu, ikawaka. Wazee wakataka kuona kona. Nikawaonyesha, jiwe moja moja, na kila namba kijana aliisoma kwa sauti. Afisa alipobandika stika ya mwisho tukaletewa mtori kutoka nyumba ya marehemu, bado wana wageni. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya masanduku ya mawe.

Kabla ya kuondoka, kijana mmoja wa kijijini, sura ya yule aliyelala kaburini, akapanda mizani akasimama. Hakusema kitu. Karani akaandika namba kwenye daftari la chama.

Jumamosi

Basi, usingizi, joto la Chalinze. Mbezi saa kumi na mbili jioni. Mawe yamelala karakana leo leo, sikutaka yalale kwangu.

Jumatatu, ofisini

Marejesho. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zipo zote isipokuwa za dereva wa kirikuu, ambaye nilimwandikia hati ya malipo akaisaini na kuweka namba ya gari. Mhasibu alipitia siku kwa siku. Alipofika Ijumaa alisoma "Kirua, mizani 3" akapiga tiki bila kuniuliza. Kwenye Jumatano aliniuliza kwa nini mizani ni sifuri, nikamweleza. Akasema pole, akaendelea.

Jiwe namba tatu nimelitenga kwenye rafu ya juu, nimelifunga kamba nyekundu. Linapelekwa kuhakikiwa wiki hii. Mbinga tunakwenda mwezi ujao, na kama halijarudi tutakwenda na manne, nitaongeza siku.